Mwiko wa Nyanya na Pikapu ya Buluu

Niliijua kwa sauti kabla sijainua kichwa. Nilikuwa chini ya lori hapa gerejini kwangu Migori, mgongo kwenye gunia, nikipigana na nati iliyoshika kutu, nikasikia tak-tak-tak ikiingia langoni. Mikono ikasimama yenyewe. Rafiki yangu, wewe unanijua: nikishika nati siiachi mpaka ifunguke, hata mteja apige kelele vipi. Siku hiyo niliiacha. Nikatoka chini ya lori nikijipangusa vumbi, nikaona pikapu nyeupe, kuukuu, rangi imechunika, na palipochunika panaonyesha rangi ya chini. Buluu. Na kwenye mlango wa nyuma, lile bonyeo alilolitia fahali mmoja wa Ntimaru kwa pembe, siku ambayo mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ndizi mdomoni, meno ya mbele bado hayajaota.

Halafu akashuka yeye. Mzee sasa, amekunjamana, kofia kichwani, fimbo mkononi, lakini ile namna yake ya kukohoa kabla ya kusema haijabadilika hata kidogo. Nilidhani alishakufa. Kusema kweli, nilikuwa nimetumaini hivyo. Akanitazama, akanipita kwa macho, akatafuta mwanamume nyuma yangu, akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi ndiye mimi. Hakunitambua. Angenitambuaje? Mara ya mwisho kunitazama usoni nilikuwa msichana mdogo ninayelia katika ua wa nyanya yangu.

Kabla sijakwambia tulivyomalizana, hebu twende Rangwe kwanza, maana usipojua ya Rangwe utaniona mimi ndiye mbaya.

Nyanya yangu aliolewa Rangwe, lakini alizaliwa kando ya ziwa, na kwa hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa nyar Karungu, binti wa Karungu, hata kwa watoto na hata kanisani. Babu alipofariki alimwachia shamba la viazi vitamu na pikapu ya buluu. Watu wakangoja aiuze. Yeye akajifunza kuiendesha. Aliendesha miguu mitupu, ndala zake amezipanga kando ya gia, leso imefungwa kiunoni, na akikaribia kona alikuwa anaipigia honi hata kama hakuna mtu, mbuzi wala kuku. Wanaume barabarani walikuwa wanacheka. Alikuwa anawapungia mkono.

Biashara yake ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Likizo zikifika nilikuwa natolewa kwetu nikapelekwa kwake, nikawa mtu wa katikati: kwenye kiti kile kirefu, nyanya upande wa usukani, mama mmoja wa sokoni upande wa dirisha, mimi katikati, goti langu likigongwa na gia. Tuliondoka umande ukiwa bado kwenye nyasi, tukateremka hadi Karungu, ambako akina mama walikuwa wameshaanika omena kwenye nyavu, zinang'aa, na ndege wanafukuzwa kwa mawe na matusi. Tulipakia magunia, akina mama wachuuzi wakapanda juu ya magunia, tukazunguka masoko. Siku nyingine tulifika hadi Ntimaru kwa Wakuria, huko omena zikabadilishwa kwa wimbi na ndizi, na nyanya akaongea Kikuria chake cha kubahatisha, wakacheka wote, akapewa na nyongeza. Njiani tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yamefungwa kwenye jani la mgomba, na chumvi imezidi upande mmoja. Nilinuka omena kichwani hadi kucha. Shuleni walinicheka, nikawapiga. Sikuanza hasira jana.

Ijumaa mambo yalibadilika. Nyanya alikuwa Msabato kwelikweli. Jua likianza kulegea, pikapu ilioshwa kwa maji ya mtoni, ikaegeshwa nyuma ya ghala la mahindi, na ufunguo ukatundikwa jikoni kwenye msumari mmoja na mwiko. Tangu hapo hakuna wa kuugusa. Jumamosi tulitembea kwa miguu kwenda kanisani, tukala chakula kilichopikwa jana yake, tukaimba mpaka koo zikakauka. Pikapu nayo ilishika Sabato. Nyanya alikuwa anasema hivyo na hakuwa anatania.

Jumapili asubuhi aliiwasha ili kuipasha tu, bila haraka. Na hapo ndipo ilipoanza hiyo tak-tak-tak. Sasa nakwambia kama fundi: sauti hiyo ilikuwepo kila asubuhi ya wiki injini ikiwa baridi. Lakini siku nyingine, nani angeisikia? Akina mama wanagombania nafasi, magunia yanarushwa, na kabla hatujafika barabara kubwa injini imeshapata moto, sauti imeshakwisha. Jumapili kwetu ua ulikuwa kimya, barabara kimya, majirani wengi wako misani. Ilisikika kama saa ya ukutani kwenye nyumba tupu. Nyanya akaanza kuingoja. Akawa anaiwasha huku ameshika tama.

Na yule mzee wa pikapu, siku hizo jirani yetu, akawa anakuja. Ua wake ulipakana na wetu, upande wa pili wa ukuta wa minyaa. Alikuwa mzee wa kanisa letu, yule anayesimama mlangoni kusalimia watu na kubusu watoto wachanga, na alijigamba kwamba ujanani alifanya kazi gereji Kisumu. Kila Jumapili alipenya kwenye minyaa, akafungua boneti, akainama, akatikisa kichwa. Hakuwa anasema kitu. Alikuwa anatikisa kichwa tu na kuondoka. Wiki baada ya wiki. Unajua mtu kama huyo anavyokuingia? Ukikaa na kichwa kinachotikiswa, hata usingizi unakosa.

Sasa mwiko. Ule mwiko wa nyanya ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu, ncha yake imeungua na kuwa nyeusi, mpini umelainika kwa kushikwa. Haukuwa unatoka jikoni, na mwanamume hakuwa anaugusa. Kwetu mwanamume kushika mwiko ni aibu yake na ya mwenye jikoni. Lakini mimi nilikuwa msichana, kusonga ugali ilikuwa kazi yangu, na katika kusonga nilikuwa nimegundua kitu. Ukiegemeza sikio kwenye mpini, unasikia sufuria ikisema huko chini, unajua ugali unaanza kushika kabla harufu haijatoka. Nilikuwa nausikiliza hivyo kila siku. Nilikuwa nauweka hata kwenye redio ya nyanya, sauti ikaja kichwani.

Jumapili moja jirani akiwa ameinama kwenye boneti anatikisa kichwa chake, mimi niliingia jikoni nikauchukua. Nikapita chini ya kwapa lake. Nikaweka ncha ya mwiko chini ya injini, sikio kwenye mpini: mngurumo tu, mzuri, sawasawa. Nikapandisha katikati: vivyo hivyo. Nikaweka pembeni, pale bomba la moshi linapoungana na injini, na lo, tak-tak-tak ikanipiga sikioni mpaka nikashtuka. Nikapeleka kiganja karibu. Pumzi ya moto ikanipuliza. Na hapo penye pumzi palikuwa na masizi, mstari mweusi, mpya. Nikamwita nyanya, nikamwambia inatokea hapa, ni moshi unavuja hapa, huku chini hakuna kitu.

Jirani alinitazama. Nilikuwa mtoto lakini nakwambia, macho yale nayakumbuka. Alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu Jumapili ya kwanza. Kisha akacheka kwa sauti, akamgeukia nyanya.

“Nyar Karungu, mjukuu wako anaisonga injini kama ugali.”

Nyanya alikuja mbio, si kwa ajili ya gari, kwa ajili ya mwiko. Mwiko wake, nje, mbele ya mwanamume, umepakwa oili. Aliunyakua akanichapa nao mgongoni. Hakuwahi kunichapa kabla ya siku hiyo. Na mimi nikilia, jirani akashusha sauti yake ya kanisani, akamwambia kwamba beringi za chini zimekwisha, kwamba injini itajipasua siku yoyote akiwa mteremkoni na akina mama nyuma. Akamwambia Mungu mwenyewe ndiye aliyeipumzisha gari siku ya Sabato ili Jumapili aisikie, na akipuuza onyo hilo atakuwa na makaburi mkononi.

Hapo alimpata. Nyanya hakuwa anaogopa hasara. Alikuwa anaogopa kumzika mama wa mtu. Wiki ile hakulala, wiki iliyofuata alikubali. Jirani akasema kwa huruma yake atakichukua hicho chuma kimfae kwa vipuri, na ili nyar Karungu asibaki mikono mitupu, atampa mtamba, ng'ombe mchanga ambaye bado hajazaa. Mtamba akapitishwa kwenye minyaa, pikapu ikasukumwa kutoka langoni. Nyanya alilia jikoni, moshi ukasingiziwa.

Haukupita muda. Jumapili moja tulikuwa tumekaa nje tunachambua mboga, tukasikia pikapu inawashwa ng'ambo ya minyaa. Nyanya akainua kichwa. Ikanguruma, ikatoka, ikapita mbele ya lango letu injini ikiwa baridi kabisa, na yule bwana akapiga honi. Hakukuwa na tak wala tak. Vumbi likatua. Nyanya akazitua mboga kutoka mapajani. Kisha akaingia jikoni akatoka na mwiko. Akanipa.

“Nionyeshe ulipouweka.”

Gari haikuwepo, sasa ningeonyesha wapi? Nikachukua ndoo, nikaiinamisha, nikamwonyesha hapa ndipo chini, hapa ndipo kati, hapa ndipo pembeni bomba linapoungana. Akaweka sikio lake kwenye mpini, kwenye ndoo tupu, akasikiliza. Sijui alisikia nini. Alipoinua uso alikuwa amezeeka. Hakuomba radhi, wazee wetu hawakuwa wanaomba radhi kwa watoto, lakini tangu siku hiyo ukoko wa ugali ulikuwa wangu peke yangu, hata wajukuu wengine wakija.

Na yule? Alipaka rangi nyeupe juu ya ile buluu, akaingia kwenye biashara ya omena. Njia zile zile, akina mama wale wale. Nyanya akawa hana budi kupanda gari lake mwenyewe, nyuma, juu ya magunia, kwenye mvua, ameshikilia ubao na leso imemlowa kichwani, huku mbele kwenye kiti kile kirefu jirani amekaa na redio. Na Jumamosi anamsalimia mlangoni kwa mikono miwili. Mtamba naye hakuzaa. Alipelekwa kwa fahali wa huyu na wa yule, akala majani ya viazi vitamu mwaka hadi mwaka, akanenepa, mwishowe akaishia kwa wachinjaji. Nyanya hakusema neno kwa mtu. Alipokaribia kufa, watu wakigawana sufuria, aliniita mimi akanipa mwiko.

Huu ndio mwiko ninaotumia gerejini. Wateja wapya wanacheka, halafu wanaacha.

Basi turudi kwa mzee wetu. Nilimwambia asizime injini. Ilikuwa imetoka mbali, ina moto, na mimi nilikuwa nimeshasikia kitu kingine chini ya ile tak-tak. Nikaleta mwiko. Pembeni, pale pale pa zamani, tak-tak-tak, gasketi, kile kizibo cha pale bomba linapoungana, imeungua kiasi kwamba hata moto hauizibi tena. Nikashuka katikati. Nikashuka chini. Na huko chini, rafiki yangu, nikasikia sauti nyingine: ndu, ndu, ndu, nzito, ya mtu anayegonga mlango akijua mwenye nyumba yumo. Nikavuta waya wa mafuta kidogo, ikazidi. Sauti ya gasketi ikipata moto hunyamaza au hupungua. Ya beringi ikipata moto ndiyo inaamka.

Unaona mambo? Uongo wake ulikuwa umegeuka kuwa kweli. Sikuhitaji kubuni chochote. Nikanyoosha mgongo, nikamwambia polepole, kwa maneno yake mwenyewe niliyoyaweka rohoni tangu utoto: beringi za chini zimekwisha, na injini hii itajipasua siku yoyote ukiwa njiani.

Akacheka. Akasema sisi mafundi wa siku hizi kazi yetu ni kutisha wazee. Akapiga boneti kofi.

“Hii ni gasketi tu. Ilikuwa hivi hivi nilipoipata. Nilibadilisha siku moja ikanyamaza.”

Alisema hivyo mbele yangu, kwa kujisifu. Nilishika boneti ili mikono yangu isishike kitu kingine. Lakini kazi ni kazi, na nilitaka dhamiri yangu iwe safi ili nifurahie vizuri. Nikageuza mwiko, nikamwelekezea mpini, nikamwambia, mzee, usiniamini mimi, weka sikio usikilize mwenyewe. Akarudi nyuma kana kwamba nimempa nyoka.

“Mimi mwanamume nishike mwiko? Kwani injini inasongwa ugali?”

Kama kulikuwa na chembe ya huruma iliyobaki ndani yangu, ilitoka hapo ikaenda zake. Nikamwambia sawa, mzee. Nikabadilisha gasketi vizuri, kazi safi, nikakaza kila nati. Tak-tak ikakoma. Nikamwambia mara ya pili, mbele ya wateja wengine, kwamba kuna sauti nyingine huko chini na asibebe watu. Akapunga mkono, akapanda, akaenda. Ndu, ndu, ndu hadi nje ya lango, na yeye anatabasamu.

Nililala vizuri siku zile. Nilikula vizuri. Kila simu ikilia naruka.

Aliyenipigia ni yeye mwenyewe, namba yangu imeandikwa langoni. Imezima barabara ya Homa Bay, karibu kufika Rangwe, nije na kamba nimvute. Nilienda nikiimba nyimbo za Sabato siku ya Jumatano. Nikamkuta amekaa kwenye jiwe, kofia mapajani, mto wa oili umeteremka hadi kwenye mtaro, na ubavuni mwa injini shimo ambalo ngumi yangu ingeingia. Nililitazama shimo lile kwa raha, nisikufiche. Akasema nilikuwa sahihi. Akaniita nyathina, mwanangu, akaomba nimvute hadi nyumbani.

Nikatoa kamba garini. Na nikiwa nayo mkononi nikamwambia mimi ni nani: mjukuu wa nyar Karungu, yule msichana wa mwiko. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo karibu maisha yangu yote. Nilitaka nimwone yakimwingia.

Alifikiri. Alifikiri sana, uso umekunjika, anatafuta kweli. Kisha uso ukafunguka.

“Ah, yule niliyempa mtamba! Alikuwa mtamba mzuri.”

Basi. Hakumkumbuka nyanya. Hakukumbuka mvua, wala magunia, wala mtoto anayechapwa. Alimkumbuka ng'ombe wake. Na alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyetoa.

Nikakunja kamba, duara juu ya duara, nikaiweka garini, nikageuza. Aliniita. Kwenye kioo nilimwona amesimama barabarani na fimbo, anakuwa mdogo. Bodaboda hazikosi njia ile, alifika kwake salama, nilikuja kusikia. Alifika nyuma ya pikipiki, vumbi kinywani. Niliimba mpaka Rongo.

Ilipita wiki ndipo nikaamka asubuhi moja na wazo likiwa limekaa kitandani pamoja nami. Nikachukua gari nikaenda pale pikapu ilipozimika. Wauza vyuma chakavu walikuwa wameshapita. Waliikata pale pale, wakaibeba vipande, hata mlango wa nyuma wenye bonyeo la fahali. Kulikuwa na doa la oili kwenye lami na kipande cha kioo. Nikaendelea hadi kwa nyanya. Jiko liliporomoka zamani, ghala halipo, minyaa imekatwa, na barabara siku hizi haina Jumapili, malori yanapita tangu asubuhi. Nikasimama pale pikapu ilipokuwa ikishika Sabato, pameota mahindi ya mtu.

Nataka unielewe vizuri, usinihurumie. Yule mzee kumwacha pale sijuti, na akinipigia leo namwacha tena. Ila kamba ilikuwa mkononi mwangu, na kutoka pale hadi uani kwa nyanya hata jasho halingenitoka. Ningeivuta pikapu ikalala pale palipokuwa na ghala, imekufa, lakini iko kwao. Niliikunja kamba nikimtazama yeye tu, na pikapu ya nyanya yangu sikuitazama hata mara moja.